Sifa zinazombeba mtu maishani na jinsi ya kuzijenga moja moja (mwongozo kamili)

Ukimuuliza mtu yeyote sifa za mtu anayefanikiwa atakutajia bila kupumua, nidhamu, bidii, kujiamini, uvumilivu, uthubutu, na orodha yenyewe haina kosa, shida yake ni kwamba haikwambii Jumatatu asubuhi uanzie wapi. Mimi nimekaa na orodha kama hizo miaka mingi, nimebandika ukutani, nimeweka kwenye kioo cha simu, na sijawahi kuamka hata siku moja nikakuta nimekuwa mvumilivu eti kwa sababu neno uvumilivu lipo ukutani. Kwahiyo hapa sifa ni chache tu, na zina mpangilio, yani kuna moja ambayo usipoanza nayo hizo nyingine zinakosa pa kushika. Hiyo moja ni kufanya ulichosema utafanya. Inaonekana kitu cha kitoto lakini nivumilie kidogo, utaona kwanini nimeiweka mbele ya nidhamu na mbele ya kujiamini.

Tuanze na habari ya akili nyingi na bahati, maana watu wengi wanakwamia hapo

Mwaka 1921 mwanasaikolojia wa Stanford anaitwa Lewis Terman alianza kufuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliochaguliwa kwa sababu walipata alama za juu sana kwenye vipimo vya akili, akiamini hao ndio watakuja kuwa vichwa vya taifa. Wengi waliishi vizuri, sawa, ila wengi pia waliishia kwenye kazi za kawaida kabisa, na kichekesho chenyewe ni kwamba kuna watoto wawili walipimwa wakaachwa kwa kuwa alama hazikutosha, William Shockley na Luis Alvarez, na wote wawili walikuja kuchukua Nobel ya fizikia, mmoja 1956 mwingine 1968. Sisemi akili haisaidii, inasaidia sana, ila ukishakuwa nayo ya kutosha kuelewa kazi yako kinachokutenganisha na mwenzako huwa ni kitu kingine.

Kitu kingine gani? Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti 117 kuangalia tabia gani ya mtu inaendana na kufanya kazi vizuri. Uchangamfu ulisaidia kwenye kazi za kukaa na watu kama mauzo na umeneja. Lakini sifa iliyojitokeza kwenye kila kundi la kazi waliloliangalia ilikuwa ile ya mtu makini, anayejipanga, anayemaliza alichoanza. Sio sifa ya kuvutia, hakuna mtu anamsifia mwenzake kwenye sherehe eti huyu anamaliza alichoanza, lakini ndio hiyo.

Na bahati ipo, mazingira uliyozaliwa yapo, anayekwambia kila kitu ni juhudi tu huyo anakuuzia kitu. Mimi nachoweza kukusaidia ni upande ulio mikononi mwako, huo mwingine tuuheshimu na tusimcheke aliyekwama.

Hatua ya 1: daftari la ahadi, wiki mbili

Chukua daftari dogo au fungua ukurasa kwenye simu. Kwa siku 14 kila utakapomwambia mtu kwamba utafanya kitu, andika. Nimemwahidi nani, nini, lini. Usichague kubwa tu, andika hata "nakupigia baadae", "nakutumia sasa hivi", "niko njiani nafika", zote hizo ni ahadi hata kama mdomo umezizoea. Andika na zile unazojiahidi mwenyewe, kesho naamka mapema, leo silali na simu mkononi. Pembeni acha nafasi ya kuweka alama moja kati ya tatu: imetimia kwa wakati, imechelewa, imesahaulika.

Usibadilishe chochote kwenye hizo wiki mbili. Usijikaze uonekane mzuri kwenye daftari lako mwenyewe, utakuwa unamdanganya nani sasa? Lengo ni kuona ulivyo.

Mimi nilipofanya mara ya kwanza nilikuwa najiona mtu wa maana, mtu wa neno lake. Nikapata ahadi 41, zilizotimia kwa wakati 17, zilizochelewa 15, na 9 nilikuwa nimezisahau kabisa mpaka nilipokuja kusoma daftari. Na kati ya hizo 9 hakuna hata moja iliyokuwa ngumu! Zote zilikuwa za dakika tano, kupiga simu, kutuma faili, kumuulizia mtu jambo fulani. Nikakaa kimya muda mrefu siku hiyo. Ndugu yangu mmoja nilimwonyesha akacheka akasema "sisi tunakujua, ukisema kesho tunajua wiki ijayo". Kumbe wenzangu walishazoea kunipigia hesabu na mimi ndio nilikuwa wa mwisho kujua. Nyani haoni kundule.

Hatua ya 2: punguza mdomo kwanza, usiongeze bidii

Hapa ndipo watu wanakosea. Mtu akiona ahadi zake nyingi hazitimii anasema sasa nitakaza, nitalala saa nne usiku, nitajitahidi zaidi, na wiki moja baadae amerudi kulekule. Rahisi zaidi ni kuahidi kidogo. Kama unatimiza nusu ya unachosema basi sema nusu, kesho yake tu umeshaanza kuwa mtu wa kuaminika na hujaongeza hata tone la jasho.

Ahadi nyingi tunazitoa ili mazungumzo yaishe vizuri. Mtu anakuomba kitu, unaona aibu kukataa, unasema sawa, na ile sawa inakuletea amani ya dakika mbili na deni la mwezi mzima. Ndio maana wazee wakasema ahadi ni deni, na deni hili huwa halisamehewi hata kama anayekudai hasemi kitu.

Kwahiyo jifunze sentensi tatu na uzizoee mpaka zitoke zenyewe:

"Ngoja niangalie ratiba yangu, nitakujibu kabla ya jioni." Alafu jibu kabla ya jioni, hata kama jibu ni hapana.

"Hilo lote sitaliweza, ila naweza kukufanyia hiki kipande." Taja kipande.

"Kwa kweli sitaweza." Ukaishia hapo. Usimwage sababu sita, ukitoa sababu nyingi mtu anaanza kukusaidia kuzitatua moja moja na mwisho unajikuta umekubali.

Mwanzoni wapo watakaonuna. Kuna watu walizoea sawa yako. Lakini subiri miezi miwili mitatu uone, mtu ambaye hapana yake ni hapana kweli, ndio yake inakuwa na uzito, watu wanaacha kukupigia mara nne kukumbusha.

Hatua ya 3: taarifa iende kabla, sio kisingizio kije baada

Utachelewa tu, hata ujipange vipi. Mtoto ataumwa, mashine itagoma, mtu uliyemtegemea atakuangusha. Tofauti ya mtu anayeaminika na asiyeaminika iko kwenye muda anaotoa taarifa. Kanuni yangu ni hii: siku nitakayoanza kuhisi kwamba jambo linaweza kuchelewa, siku hiyohiyo natuma meseji, sisubiri niwe na uhakika. Ukisubiri uhakika utakuwa unatuma saa ambayo mwenzako hana tena cha kufanya.

Meseji yenyewe iwe na vitu vitatu, nini kimechelewa, kitakuwa tayari lini, na kipi naweza kukupa sasa hivi. Mfano: "Ile ripoti ya Ijumaa haitakamilika, naimaliza Jumatatu saa nne asubuhi, ila sehemu ya hesabu iko tayari naituma leo kama itakusaidia kuanza." Basi. Hadithi ya kilichokukwamisha iweke mstari mmoja au usiiweke kabisa, bosi au mteja anataka kujua apange vipi siku yake, habari ya mvua na msongamano haimsaidii.

Hatua ya 4: chagua sifa moja tu kwa wakati

Baada ya wiki kama sita za hatua tatu za mwanzo ndio uanze kugusa sifa nyingine, na uguse moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, tunaijua hii methali lakini kila mwaka mpya tunaanza mambo kumi kwa mpigo.

Benjamin Franklin, yule mchapishaji wa Marekani aliyekuja kuwa mwanasayansi na mwanadiplomasia, aliwahi kujiandikia sifa 13 alizotaka kuzijenga, akatengeneza kijitabu chenye chati, akawa anaishughulikia moja kila wiki na kuweka doa jeusi kila alipoteleza. Wiki 13 mzunguko unaisha, kwa mwaka anapata mizunguko minne. Kilichonifurahisha ni kwamba alikiri wazi kuna moja ilimshinda kabisa, mpangilio wa vitu na muda, na akasimulia habari ya mtu aliyetaka shoka lake ling'ae lote, alipochoka kuzungusha jiwe la kunolea akasema aah, mimi kumbe napenda shoka lenye madoa. Franklin anajicheka mwenyewe hapo. Lakini pia alisema pamoja na kushindwa kuufikia ukamilifu alikuwa mtu bora kuliko ambavyo angekuwa asingejaribu.

Nachoona mimi wiki moja ni fupi sana kwa sifa moja. Kaa nayo miezi miwili. Kwanini miwili? Twende hatua inayofuata.

Hatua ya 5: nidhamu, na hapa tutakaa kidogo

Umeshasikia kwamba tabia inajengeka kwa siku 21. Hiyo namba chimbuko lake ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Angalau! Watu wakaibeba, wakaliacha neno angalau, na wakaihamishia kwenye kila kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipofuatilia watu 96 wakijenga tabia ndogo ndogo kama kunywa maji au kutembea baada ya mlo, wastani ulikuja siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Kwahiyo kama siku ya 22 bado unajivuta kitandani huna tatizo lolote, uko katikati ya safari. Na jambo jingine waliloliona, kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni ile akili ya kwamba nimeshakosa leo basi wiki imeshaharibika nianze upya mwezi ujao.

Sasa jinsi ya kufanya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameshughulika miaka mingi na mbinu moja rahisi mno, badala ya kusema "nitasoma zaidi" unasema "nikishamaliza kuosha vyombo vya usiku nakaa kwenye kile kiti nasoma kurasa tano". Yani unafunga kitendo kwenye saa, mahali, au jambo ambalo tayari linatokea. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 za mbinu hiyo na ikaonekana kweli inasaidia, na sio kidogo. Sababu yake inaeleweka, uamuzi umeshafanyika mapema, jioni ikifika huna haja ya kujadiliana na uchovu wako, na uchovu huwa unashinda midahalo yote.

Kwahiyo andika sentensi moja ya aina hii: nikishafanya A, nafanya B, mahali fulani. B iwe ndogo ya kutia aibu. Kurasa tano na sio sura nzima, dakika kumi za mazoezi na sio saa nzima. Utaikuza baadae ikishasimama yenyewe.

Alafu safisha njia. Simu ndio adui wa kwanza wa nidhamu siku hizi, na usijidanganye utaishinda ikiwa mezani inawakawaka. Ikae chumba kingine. Kama unataka kuamka mapema nunua saa ya alamu ya kawaida ili simu isilale karibu na mto. Kama unataka kuandika asubuhi acha daftari limefunguliwa usiku, kalamu juu yake. Wenye nidhamu wengi ninaowajua hawana nguvu za ajabu, wamepanga tu mambo yao kiasi kwamba vishawishi viko mbali na kazi iko karibu.

Na sasa ile sababu ya kuanza na ahadi. Pengine umesikia lile jaribio la Walter Mischel wa Stanford, mtoto anawekewa pipi laini mezani anaambiwa ukisubiri bila kuila utapewa mbili. Waliosubiri walipokuja kufuatiliwa walionekana kufanya vizuri baadae, na dunia nzima ikaanza kuhubiri subira. Mwaka 2018 wengine wakarudia kufuatilia kwa watoto wengi zaidi, karibu 900, na uhusiano ule ukapungua sana walipohesabu hali ya familia ya mtoto. Lakini mimi ninayoipenda zaidi ni ile ya 2013 ya Celeste Kidd na wenzake. Kabla ya pipi, mtafiti alimwahidi mtoto kwamba anamletea rangi nzuri zaidi za kuchorea. Kundi moja akawaletea kweli, kundi jingine akarudi mikono mitupu akasema samahani hazipo. Ilipofika zamu ya pipi, walioletewa walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3.

Soma tena hapo. Watoto walikuwa 28 tu, ni jaribio dogo, lakini linasema kitu ambacho mtu mzima anakijua tumboni: mtu husubiri pale anapoamini ahadi. Sasa fikiria wewe mwenyewe umejiahidi mara mia kwamba kesho utaamka, kesho utaanza, na mara tisini hukufanya. Ukijiambia leo "vumilia kidogo, mbele kuna matunda", ndani yako kuna mtoto anayesema huyu simwamini, na anakula pipi. Hiyo ndio tafsiri yangu mimi, watafiti hawakusema hivyo, ila nimeiona kwangu. Nilipoanza kutimiza ahadi ndogo ndogo nilizojiwekea, hata ya kukunja shuka asubuhi, ile nidhamu niliyoitafuta miaka yote ikawa nyepesi kidogo. Kidogo, sitakudanganya.

Hatua ya 6: uvumilivu wenye tarehe

Uvumilivu unasifiwa sana mpaka watu wanavumilia vitu vya kuachwa. Kuna mtu miaka saba anasukuma biashara ambayo ingekufa mwaka wa pili, anaita uvumilivu. Hebu mwangalie Eliud Kipchoge. 2003, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki. Angeweza kung'ang'ania uwanjani akazeeka hapo, lakini alihamia barabarani, 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza Hamburg, na baadae akachukua dhahabu mbili za Olimpiki kwenye marathoni, Rio na Tokyo. Aliendelea kukimbia, umbali ndio aliubadilisha. 2017 akajaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili kule Monza akapata 2:00:25, sekunde 26 zikamnyima. Akarudi mazoezini, Oktoba 2019 kule Vienna akamaliza kwa 1:59:40. Na anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye madaftari mwaka hadi mwaka. Daftari tena, unaona?

Jinsi ya kuitumia: kabla hujaanza jambo kubwa andika tarehe ya kujipima na alama utakayoiangalia siku hiyo. "Tarehe 30 mwezi wa sita nitaangalia kama nimepata wateja kumi wanaorudi. Wakiwa zaidi ya sita naendelea, wakiwa chini ya watatu nabadilisha njia, hapo katikati najiongezea miezi mitatu mara moja tu." Mpaka tarehe hiyo marufuku kujiuliza niache au nisiache, fanya kazi. Ikifika tarehe marufuku kujihurumia. Ukiandika kabla ya kuumia unaandika kwa akili, ukisubiri uumie ndio uamue utaamua kwa hasira au kwa aibu.

Hatua ya 7: kukubali kuambiwa

Hii ni chungu kwahiyo nitakuwa mfupi. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipitia tafiti nyingi za watu kupewa mrejesho wa kazi zao wakakuta zaidi ya theluthi moja ya wakati mrejesho ulipunguza ubora wa kazi badala ya kuuongeza, hasa ule unaomfanya mtu ajiangalie yeye badala ya kuangalia kazi. Kwahiyo usiulize "unanionaje?", utapata sifa za uongo au maneno ya kukukata. Uliza kuhusu kazi: "kwenye hii barua ni sehemu gani ulipotea?", "ningefanya kitu kimoja tofauti kingekuwa kipi?". Akijibu, sema asante na uandike. Usijitetee, hata kama amekosea, utachuja baadae ukiwa peke yako. Ukijitetea mara mbili tu hatakwambia tena na wewe ndio umepata hasara.

Charles Darwin alikuwa na kanuni, akikutana na jambo linalopinga mawazo yake aliliandika papo hapo, kwa sababu alishagundua kwamba mambo ya kumpinga yanatoka kichwani haraka kuliko ya kumuunga mkono. Ukurasa mmoja wa daftari lako uwe wa hayo.

Hatua ya 8: watu, hasa wale usiowaona kila siku

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa karibu asilimia 17 tu. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, waliobaki kwa nadra. Inaeleweka, rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, habari mpya inatoka kwa mtu wa pembeni, mliyesoma naye zamani, mliyefanya naye kazi miezi mitatu.

Sasa mtu wa pembeni anakukumbuka kwa lipi? Hakujui vizuri, hajui ndoto zako wala unavyochekesha. Anakumbuka kitu kimoja au viwili, ulimwambia utamtumia namba ya fundi ukamtumia, au hukumtumia. Ndio maana zile ahadi za dakika tano zina uzito kuliko zinavyoonekana.

Cha kufanya: mara moja kwa wiki mtafute mtu mmoja ambaye hamjaongea zaidi ya miezi sita, umsalimie bila kuomba kitu. Mkumbushe jambo aliloliongea, muulize liliishaje. Na ukikwama kweli omba msaada wazi, mficha uchi hazai, ila sema unachotaka kwa ukamilifu, "naomba unisomee barua hii ya ukurasa mmoja kabla ya Alhamisi" inajibika, "naomba unisaidie maisha" haijibiki.

Hatua ya 9: hasira na meseji

Mstari mmoja: jibu la hasira liandike kwenye daftari, lilale usiku, asubuhi uamue. Katika ninazozikumbuka, nyingi sikuzituma.

Hatua ya 10: pale utakapoharibu

Utafika mahali umeshajenga jina, alafu utaangusha jambo kubwa mbele ya watu. Mimi niliwahi kukubali kusimamia kazi ya watu watano, nikaikalia wiki tatu kwa sababu nilikuwa nimezidiwa na naogopa kusema, na ilipogundulika siku zilikuwa zimebaki mbili. Watu wale walikesha kwa ajili yangu. Nilichofanya kwanza kilikuwa kibaya, nilituma maelezo marefu kama barua ya wosia, nikieleza nilivyokuwa na stresi, na mmoja wao akanijibu neno moja tu, "sawa".

Nilichojifunza ni hiki. Kwanza taja kosa kwa jina lake bila kulipamba, "nilikaa na kazi wiki tatu sikusema". Sio "kulikuwa na changamoto". Pili taja kosa hilo limemgharimu nani na nini, aone kwamba umeona. Tatu usiombe kuaminiwa tena, hilo haliombwi. Nne, na hii ndio inachukua muda, toa ahadi ndogo mno na uzitimize. Usiseme sasa nitakuwa mtu mpya, sema kesho saa tatu nitatuma orodha ya waliokuja kwenye kikao, alafu saa tatu kasoro dakika tano iwe imefika. Alafu nyingine ndogo. Alafu nyingine.

Yule aliyenijibu sawa alikaa miezi kama minane hajanipa kazi yoyote. Siku moja akanitumia faili la ukurasa mmoja, akaniuliza kama naweza kuangalia tahajia mpaka kesho mchana. Lilikuwa jambo la dakika ishirini. Nililiandika kwenye daftari, jina lake, ukurasa mmoja, kesho mchana, na nikamrudishia asubuhi.